Jiko na Nafsi: Uhakiki wa Tabiri za Jiko la Baadaye kwa Kurejelea Machakos

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki aghalabu umeushughulikia utabiri kama kipengele cha maudhui. Mtabiri hujitokeza katika kisa, hutamka neno lake, kisha msomaji husubiri aone kama neno hilo litatimia. Ni nadra utabiri wenyewe kuchunguzwa kama utanzu wenye kanuni zake za usimulizi, yaani nani anasema, anasema kuhusu nani, na nani anaachwa nje ya sentensi. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea kundi moja tu la tabiri, nalo ni lile linalohusu jiko la siku za usoni.

Uteuzi wa jiko si wa kiholela. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, jiko limetabiriwa na watu wa kila aina: waandishi wa riwaya, wasanifu wa majengo, kampuni za vyombo vya umeme, wataalamu wa nishati, na hatimaye serikali. Machakos nayo imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ya Syokimau, mtabiri wa kike ambaye masimulizi ya Wakamba yanamhesabu miongoni mwa walioona mbali kuliko wote. Pili, ni eneo ambalo limeandikiwa tabiri nyingi za kitaalamu tangu miaka ya 1930, na ambalo historia yake imechunguzwa kwa kina kiasi cha kuwezesha tabiri hizo kulinganishwa na yaliyotokea.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utabiri wa jiko hauwezi kupimwa kwa kigezo cha kutimia peke yake. Kigezo cha msingi zaidi ni cha nafsi: ni nani anayepewa nafasi ya mtenda katika utabiri huo? Itadhihirika kwamba tabiri za kitaalamu zilizoikosea Machakos zilikosea katika sarufi yake kabla ya kukosea katika hesabu.

2.0 Maana Tatu za Neno "Jiko"

Kiswahili chenyewe kinatoa zana ya uchambuzi. Neno "jiko" lina maana tatu zinazotumika kwa pamoja. Kwanza ni mahali pa kupikia. Pili ni chombo cha kupikia, kama vile jiko la makaa au jiko la mafuta ya taa. Tatu, kwa njia ya sitiari, ni mke: mwanamume aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Maana hii ya tatu imelaumiwa, na kwa haki, kwa sababu inamfunga mwanamke katika kazi moja na kumfanya sehemu ya vyombo vya nyumba. Hata hivyo, sitiari hiyo inafichua jambo ambalo lugha za kitaalamu hulificha. Inakiri kwamba hakuna jiko pasipo mtu, na kwamba anayesema "jiko" amekwisha kumtaja mtu fulani, apende asipende.

Methali isemayo kwamba figa moja haliinjiki chungu hufasiriwa kwa kawaida kuwa inahimiza ushirikiano. Katika makala haya inachukuliwa pia kama kielelezo cha mbinu. Mahali, chombo na mtu ni mafiga matatu ya maana ya jiko, na utabiri unaoondoa figa moja hauna pa kuteleka chungu. Inafaa kukumbukwa kwamba neno "jiko" lilipoingia katika ripoti za Kiingereza kuhusu nishati nchini Kenya, hasa katika miaka ya 1980, liliingia na maana moja tu, ile ya chombo. Maana nyingine mbili zilibaki nyumbani. Upungufu huo wa kisemantiki ndio utakaofuatiliwa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Moto Mfukoni: Utabiri wa Syokimau

Kulingana na masimulizi ya Wakamba, Syokimau aliishi kabla ya wakoloni kufika bara. Alitabiri ujio wa watu wa rangi ngeni, wenye usemi usioeleweka, ambao wangebeba moto mifukoni mwao. Alitabiri pia nyoka mrefu atoaye moshi, ambaye angenyooka kutoka maji hadi maji. Nyoka huyo hufasiriwa kuwa reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kituo cha reli kilichofunguliwa mwaka 2012 katika eneo lenye jina lake, ndani ya Kaunti ya Machakos, kimeufanya utabiri huo usomwe upya na kizazi kisichomjua. Kuna kinaya hapa, kwani reli iliupita kando mji wenyewe wa Machakos, na utawala wa kikoloni uliokuwa na kituo hapo ukahamishia makao yake makuu ya jimbo Nairobi.

Wahakiki na wasimulizi wamemshughulikia zaidi nyoka na kuuacha moto. Ilhali kwa mada ya makala haya, moto mfukoni ndio wenye uzito, kwa kuwa ni utabiri wa jiko. Baadhi ya wasimulizi huufasiri kuwa kiberiti na wengine huufasiri kuwa bunduki. Utata huo haustahili kutatuliwa kwa kuchagua tafsiri moja na kuitupa nyingine. Taswira imezishika zote mbili kwa makusudi ya kisanaa: kitu kilekile kinachorahisisha upishi kinakuja mikononi mwa mtu yuleyule anayekuja kutawala. Faraja na tishio vimo katika mfuko mmoja.

Aidha, taswira hiyo inabeba badiliko la uhusiano wa kijamii. Kabla ya kiberiti, moto ulifukiwa jivuni usiku ili uamke asubuhi, na ulipozimika uliombwa kwa jirani. Moto ulikuwa wa mtaa kabla ya kuwa wa nyumba. Moto wa mfukoni ni moto usiohitaji jirani. Kwa maneno machache, utabiri umetaja chombo kipya, umetaja anayekuja nacho, na umeacha nafasi ya kufikiria uhusiano utakaovunjika. Kisarufi, mtenda wake ni watu, na moto ni yambwa wanayoibeba. Na mtabiri mwenyewe ni mwanamke mwenye jina.

Inaweza kupingwa kwamba masimulizi haya yalikusanywa baada ya matukio kutokea, na kwamba huenda yalitengenezwa au kurekebishwa ili yalingane nayo. Pingamizi hilo ni la kweli kwa mwanahistoria anayetafuta tarehe. Kwa mhakiki wa fasihi, linabadilisha swali tu. Ikiwa jamii ilirekebisha utabiri, basi muundo iliouhifadhi ndio muundo ilioona unastahili kukumbukwa, na katika muundo huo watu wametangulia chombo. Hali kama hiyo inajitokeza katika masimulizi ya Wagikuyu kuhusu Mugo wa Kibiro, ambaye Ngũgĩ wa Thiong'o alimtumia katika The River Between (1965). Utabiri wa jadi katika nyanda hizi haukuanza na mashine. Ulianza na mgeni.

4.0 Jiko la Riwaya na Jiko la Maonyesho

Kabla ya kurejea Machakos, ni muhimu kuangalia namna jiko la baadaye lilivyosimuliwa kwingineko, kwani mtindo wa usimulizi huo ndio uliokuja kuingia katika ripoti zilizoandikwa kuhusu Ukambani. Mkabala unaofaa ni kutofautisha jiko la riwaya na jiko la maonyesho.

Katika riwaya, swali la mtu halikwepeki. Mmarekani Edward Bellamy, katika Looking Backward (1888), anamlaza mhusika wake Boston mwaka 1887 na kumwamsha mwaka 2000. Mhusika huyo anapouliza ni nani anayefanya kazi za nyumbani, anaelezwa kwamba upishi na ufuaji vimehamishiwa katika majengo ya umma. Jibu hilo linaweza kubishaniwa, lakini swali limeulizwa. Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengali alikwenda mbali zaidi katika hadithi yake Sultana's Dream, iliyochapishwa Madras mwaka 1905. Katika nchi anayoibuni, jiko limo ndani ya bustani ya mboga, halina moshi wala makaa, na chakula kinapikwa kwa joto la jua. Huo ni utabiri wa nishati ya jua uliotangulia kwa miongo mingi mikutano ya kimataifa kuhusu nishati hiyo. Hata hivyo, uzito wa hadithi hauko katika jua. Uko katika badiliko lililoliwezesha jiko hilo: wanawake ndio wanasayansi na watawala, na wanaume ndio waliotawishwa nyumbani wakishughulika na kazi za ndani. Rokeya hakubadilisha chombo pasipo kumbadilisha mtu. Mafiga yote matatu yamesogezwa kwa pamoja.

Jiko la maonyesho lina kanuni tofauti. Hapa jiko halisimuliwi bali linaonyeshwa, na linaonyeshwa likiwa limekamilika. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko lililopata umaarufu kwa jina la mji wa Frankfurt, akipima hatua na mikono ya mpishi kama ilivyopimwa kazi ya kiwandani. Majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa katika nyumba za wafanyakazi, na lengo lake lilikuwa kumpunguzia mwanamke saa za kazi. Lakini jiko hilo lilitoshea mtu mmoja tu. Kwa hiyo umbo lake lilitamka, bila maneno, kwamba mtu huyo angeendelea kuwa yeye na peke yake.

Miaka 30 baadaye mtindo huo ulipata hadithi yake kamili katika filamu Design for Dreaming (1956) ya kampuni ya General Motors. Mwanamke anaingizwa katika jiko la kesho, anatia kadi ya maelekezo katika mashine, kisha anaondoka kwenda kucheza huku keki ikijioka. Kitenzi hiki cha kujirejea ndicho kiini cha utanzu mzima: keki inajioka, vyombo vinajiosha, jiko linajiendesha. Kazi haijaondolewa, aliyeondolewa katika sentensi ni mtenda. Ruth Schwartz Cowan alionyesha katika More Work for Mother (1983) kwamba kuongezeka kwa mashine katika nyumba za Marekani hakukuleta upungufu uliotarajiwa wa saa za kazi za mama wa nyumbani, kwa sababu viwango vilipanda na wasaidizi wengine wa nyumbani walitoweka. Sarufi ya filamu ilikuwa imelificha jambo hilo mapema.

Kilele cha jiko la maonyesho kilikuwa Moscow, tarehe 24 Julai 1959. Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, na kiongozi wa Shirikisho la Kisovieti, Nikita Khrushchev, walisimama mbele ya jiko la mfano katika Maonyesho ya Marekani na kubishana. Nixon alisifu vyombo vinavyomrahisishia kazi mke wa nyumbani. Khrushchev aliukataa mtazamo huo kuhusu wanawake, kisha akafanya mzaha kuhusu mashine ya kumtia mtu chakula mdomoni. Mjadala huo umeandikwa sana kama tukio la vita baridi. Ukisomwa kama tamthilia ya onyesho moja, kinachojitokeza mara moja ni orodha ya wahusika. Wazungumzaji wakuu ni wanaume wawili, mada ni jiko, na mpishi hana hata mstari mmoja wa kusema.

5.0 Ukambani kama Kisa cha Maangamizi

Machakos haikuwahi kuahidiwa keki inayojioka. Utabiri ulioandikwa kuhusu jiko la Machakos ulikuwa wa kinyume: ulikuwa wa jiko litakalozimika. Hata hivyo, itaonekana kwamba pepo ya Moscow na jahanamu ya Ukambani zilitungwa kwa sarufi moja.

Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliieleza Machakos kama nchi inayogeuka jangwa la mawe na mchanga. Katika maelezo hayo kosa ni la idadi, yaani watu wengi na mifugo mingi. Utabiri huu haukubaki karatasini. Mwaka uliofuata serikali ilitekeleza sera ya kupunguza mifugo kwa lazima, wakati kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kikianzishwa Athi River. Ng'ombe waliochukuliwa kwa jina la kuokoa nyasi walitakiwa pia na mkebe. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa maelfu hadi Nairobi mwaka 1938, na serikali ikalazimika kulegeza msimamo. Tukio hili hukumbukwa kama historia ya siasa, na ni sawa. Linastahili pia kukumbukwa kama upokezi wa matini. Wasomaji walengwa wa utabiri, ambao hawakuulizwa, waliujibu kwa miguu yao. Walijua kwamba ng'ombe anayeondolewa zizini ameondolewa pia jikoni, maziwa yake yakiwa ndiyo ya kwanza kukosekana.

Mkondo wa pili wa tabiri ulikuja katika miaka ya 1970. Erik Eckholm, katika chapisho lake la mwaka 1975, aliita uhaba wa kuni mgogoro mwingine wa nishati, wakati dunia ikishughulika na bei ya mafuta. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliitisha Nairobi mkutano kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na majiko yaliyoboreshwa yakapewa nafasi kubwa. Mwaka 1984 utafiti wa Taasisi ya Beijer kuhusu nishati na maendeleo nchini Kenya ulichapishwa, ukikadiria kwamba mahitaji ya kuni yangeipita mbali miti iliyopo kufikia mwaka 2000. Mbinu ilikuwa nyepesi kueleweka. Miti ilihesabiwa kama akiba, watu wakahesabiwa kama matumizi, na mistari miwili ya grafu ikaachwa iachane. Gerald Leach na Robin Mearns waliihakiki mbinu hiyo mwaka 1988 katika Beyond the Woodfuel Crisis, wakibainisha kwamba haikuzingatia watu wanavyobadilika, wanavyopanda na wanavyobana matumizi.

Machakos ndiyo iliyokuja kuwa ushahidi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika More People, Less Erosion (1994), walichunguza kipindi cha 1930 hadi 1990, ambapo idadi ya watu wa wilaya iliongezeka mara tano au zaidi. Picha zilizopigwa mwaka 1937 zililinganishwa na picha za mahali palepale miaka ya 1990 na 1991. Palipokuwa na miteremko mitupu palikutwa matuta, mipaka ya miti na mashamba yaliyotunzwa. Kuni zilitokana kwa sehemu kubwa na shamba lenyewe: matawi yaliyopogolewa, ua uliokatwa, mabua na miti iliyopandwa. Mstari wa watu ulipanda na mstari wa miti ukapanda pamoja nao. Kilichokosekana katika grafu ya 1984 kilikuwa kitenzi kimoja, kupanda mti, pamoja na mtenda wake.

Hata hivyo, hadithi ya ushindi nayo inahitaji kuhakikiwa kwa kigezo hichohicho. Dianne Rocheleau na wenzake waliandika mwaka 1995 kwamba Ukambani imesimuliwa kwa karne nzima kama mfululizo wa migogoro na kampeni za kuiokoa, na kwamba kila simulizi kuu imezifunika sauti kadhaa, zikiwamo za wanawake na za waliohamia maeneo makavu zaidi. Swali lao linafaa hapa. Katika sentensi "Machakos ilipona", mtenda ni wilaya. Lakini wilaya haichimbi tuta. Matuta mengi yalichimbwa na vikundi vya mwethya, ambavyo wanachama wake walikuwa wanawake kwa wingi, hasa pale wanaume walipokuwa wakitafuta ajira Nairobi na kwingineko. Mikono iliyochimba matuta asubuhi ndiyo iliyopogoa ua jioni na kuwasha moto usiku. Utabiri wa maangamizi uliwahesabu kama midomo, na simulizi ya ushindi ikawahesabu kama nguvukazi. Nafasi ya anayeamua haijajazwa kikamilifu katika simulizi yoyote kati ya hizo mbili.

6.0 Majina ya Majiko kama Tabiri Fupi

Iwapo ripoti ni tabiri ndefu, majina ya majiko yaliyobuniwa Kenya tangu miaka ya 1980 ni tabiri fupi mno, za neno moja au mawili. Wahakiki wa fasihi hawajazipa uzito, ilhali ni matini ya Kiswahili iliyofika katika nyumba nyingi kuliko diwani yoyote.

Jiko lijulikanalo kama Kenya Ceramic Jiko lilikuja kwa kuchanganya jiko la ndoo la Thailand na jiko la bati la mafundi wa Kenya, kisha likatiwa kauri ndani ili litunze joto. Umbo lake la kiuno chembamba na kitako kipana lilifikiwa baada ya majaribio yaliyohusisha mafundi wa jua kali na wanawake waliolipikia. Jiko lisilotulia chini haliwezi kusongea ugali. Huu ni mfano adimu wa utabiri uliosahihishwa na mtumiaji kabla haujafungwa, na huenda ndiyo sababu umedumu. Lakini jina lake lilibaki la maelezo: nchi, malighafi na chombo. Aidha, lilikuwa jiko la makaa, na sehemu ya makaa ya Nairobi imetoka Ukambani. Mpishi wa mjini alipunguza gharama. Mti uliokatwa ulikuwa na mwenyewe ambaye hakutajwa katika hesabu hiyo.

Jiko la kuni lililosambazwa kwa ushirikiano na shirika la Maendeleo ya Wanawake liliitwa Maendeleo. Jingine liliitwa Kuni Mbili. Magharibi mwa Kenya jiko la aina ya Maendeleo lilikuja kuitwa Upesi. Katika karne hii limeingia sokoni jiko la Jikokoa, jina linalounganisha nomino na kitenzi cha kuamrisha. Majina haya yakipangwa kwa wakati yanasimulia mabadiliko ya itikadi. "Maendeleo" ni lugha ya taifa na mipango yake. "Kuni Mbili" ni lugha ya kubana matumizi iliyotokana na hofu ya uhaba. "Upesi" ni lugha ya muda, na ni jina la kwanza kati ya haya kukaribia mwili wa mpishi, kwa sababu muda unaotajwa ni wake. "Jikokoa" ni lugha ya wokovu na akiba kwa pamoja.

Jina la "Kuni Mbili" linastahili kutazamwa zaidi. Lina nomino na idadi, halina kitenzi. Haliulizi nani anazileta kuni hizo mbili wala anazileta kutoka umbali gani. Halitaji pia kinachopikwa. Jiko katika maabara ya miaka ya 1980 lilipimwa zaidi kwa kuchemsha maji, kwa kuwa maji hayabadiliki kutoka nchi hadi nchi. Lakini chakula cha Machakos ni muthokoi: mahindi yaliyotwangwa kinuni mpaka maganda yatoke, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi kwa saa nyingi kwa moto wa polepole. Moto huo huachwa ukiendelea wakati mpishi yuko shambani au kisimani, na moshi wake hukausha mahindi yaliyotundikwa juu. Kwa chakula kama hicho sifa ya jiko si kasi peke yake, bali ni uwezo wa kungoja. Lugha ya majina haina neno la kungoja.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu haukusudii kudai kwamba jiko lisibadilike. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa zikitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia, karibu robo zikitumia gesi, na chini ya asilimia moja zikitumia umeme. Moshi si sitiari, na anayeutetea kwa jina la utamaduni anautetea akiwa amekaa sebuleni.

Kilichodhihirika ni kwamba namna ya kutabiri ina matokeo. Syokimau na Rokeya, wanawake wawili waliotenganishwa na bahari na lugha, walilitabiri jiko kwa kumtaja mtu: mmoja alimtaja anayeleta moto, mwingine alimtaja anayepika. Jiko la maonyesho la 1956 na grafu ya 1984 zilitofautiana katika kila jambo, moja ikiahidi wingi na nyingine ikionya juu ya uhaba, lakini zote mbili zilimwondoa mtenda. Ya kwanza ilimfanya mtazamaji wa mashine, ya pili ikamfanya tarakimu ya matumizi. Na pale utabiri wa mwaka 1937 ulipogeuzwa kuwa sera, watu wa Machakos walipoteza mifugo kabla ya kupewa nafasi ya kujibu.

Serikali ya Kenya sasa imejiwekea lengo la kila kaya kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2028. Hii nayo ni sentensi ya utabiri, na mtenda wake ni kaya. Kaya haiinami mbele ya moto, haisubiri mbaazi ziive, wala haiamui kama fedha za mwezi huu zitajaza mtungi wa gesi au zitalipa karo. Katika kaya hiyo moja anayepika na anayeshika fedha huenda ni watu wawili tofauti, na lengo linaweza kutimia kwa mmoja wao bila kumfikia mwingine. Mtungi unaweza kuwepo jikoni ukiwa mtupu, au ukiwa umehifadhiwa kwa ajili ya chai ya wageni huku muthokoi ikiendelea kupikwa kwenye mafiga. Takwimu itaandika gesi.

Kwa hiyo iko kazi kwa idara za fasihi, na si kwa idara za uhandisi pekee. Mipango, ripoti, matangazo na majina ya bidhaa ni matini zinazosimulia maisha ya watu yatakavyokuwa, na zinastahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa riwaya. Pamoja na hayo, ipo haja ya kukusanya tabiri ambazo hazijaandikwa, yaani wanayoyasema wapishi wenyewe wa Machakos, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kuhusu jiko wanalolitaka na lile wanaloliogopa. Kumbukumbu ya Syokimau imehifadhiwa na masimulizi ya watu wake kwa zaidi ya karne moja. Wanaopika leo katika vilima hivyo hawajaulizwa wanaona nini mbele.